Catalina 22 au MacGregor 26: Ulinganisho kwa Anayenunua Boti ya Tanga Iliyotumika

Theluji inapoyeyuka katika majimbo ya Marekani yanayopakana na Maziwa Makuu, boti za tanga zilizolala mabandani tangu vuli hutolewa nje na kuegeshwa kando ya barabara, kila moja juu ya trela yake, zikisubiri mnunuzi. Kati ya hizo, mbili utazikuta mara nyingi sana: Catalina 22 na MacGregor 26. Zote mbili zilibuniwa California, zote zina kebini ya kulala familia ndogo, zote hukokotwa kwa gari la nyumbani, na zote huuzwa kwa dola elfu chache zikiwa na umri wa miaka thelathini au arubaini. Mtu aliyezoea mashua na ngalawa za pwani yetu akizitazama kwa mbali atasema ni ndugu wa tumbo moja. Kumbe zinatofautiana tangu chini kabisa, na asiyejua zinatofautiana wapi atazikagua vibaya zote mbili.

Tofauti yenyewe ni farumi, yaani uzito unaowekwa chini ili boti isipinduke. Catalina hubeba farumi yake ndani ya mkuku (uti wa chini wa boti) wa chuma cha kusubu wenye uzito wa karibu kilo 250, uliotundikwa chini ya boti kwa pini na kuinuliwa kwa winchi, ukifunguka na kufunga mithili ya mlango kwenye bawaba. MacGregor haina chuma hicho. Ina tangi lililojengwa ndani ya sakafu yake, ambalo hujazwa maji ya ziwa lenyewe, takriban lita 545, boti inaposhushwa, na maji hayo humwagika boti inapopandishwa tena kwenye trela. Kwa hiyo anayenunua ya kwanza ananunua chuma, pini, waya na winchi, na anayenunua ya pili ananunua tangi, vali na kizibo. Ukaguzi uanzie hapo, kabla mnunuzi hajavutiwa na mito ya kukalia, jiko dogo au mapazia mapya ya kebini, vitu ambavyo muuzaji huvisafisha kwa bidii kwa sababu anajua ndivyo vinavyotazamwa kwanza.

Niweke wazi ni matoleo yapi ninayoyalinganisha, maana majina haya yamebeba boti za namna nyingi. Kwa MacGregor ninazungumzia 26D, iliyotengenezwa kuanzia 1986 hadi 1989, na 26S iliyoifuata hadi 1995. Zile zilizokuja baadaye, 26X na 26M, zilibuniwa zifungwe injini kubwa ya nguvu za farasi kama 50, na kwa maoni yangu ni boti za injini zenye tanga kuliko boti za tanga zenye injini, hivyo zinahitaji ulinganisho wao. Kwa Catalina ninazungumzia ile yenye mkuku wa bawaba. Zipo pia zenye mkuku usiokunjwa, unaozama zaidi ya mita moja ndani ya maji, nazo ni boti nzuri za kuacha gatini majira yote ya joto, lakini kuzishusha na kuzipandisha kwa trela kila Jumamosi ni adha ambayo sitamtakia mtu.

Kwa vipimo, Catalina ina urefu wa mita 6.55 na upana wa mita 2.34, na uzito wake bila mizigo ni tani moja na kidogo. Mkuku ukiinuliwa, maji ya kina cha sentimita 60 yanaitosha. Ukishushwa, inahitaji mita moja na nusu. MacGregor ni ndefu zaidi, mita 7.87, na upana wake ni mita 2.4, lakini ikiwa kavu haifiki kilo 800, na ubao wake wa kati, ule unaoshushwa majini ili boti isisukumwe kando na upepo, ukiinuliwa huelea kwenye maji yasiyofika goti la mtu mzima. Zote mbili ziko ndani ya upana wa mita 2.59 unaoruhusiwa kwenye barabara za Marekani bila kibali maalumu.

Takwimu hizo zina maana kubwa kwa gari ulilo nalo. Catalina hutembea na chuma chake barabarani kila siku, na ukijumlisha trela, injini, mafuta, nanga na vyombo vya ndani, unakokota tani moja na nusu au zaidi. Gari dogo linaweza kuuanzisha mzigo huo kwenye barabara tambarare, lakini kuanzisha si kusimamisha, na kwenye mteremko mrefu ndipo dereva hugundua kwamba boti ndiyo inayoliendesha gari. MacGregor huiacha zaidi ya nusu tani ziwani kila inapoondoka. Kama huna nia ya kubadilisha gari, fungua kitabu chake usome uzito linaloruhusiwa kuvuta kabla ya kupiga simu kwa muuzaji yeyote. Huenda ukurasa huo mmoja ukakuchagulia boti.

Mkuku wa chuma wa Catalina

Boti ikiwa imekaa kwenye trela, mkuku nao umelalia trela, na sehemu unazohitaji kuziona zimefichika. Mwombe muuzaji boti iinuliwe, ama kwa mikanda ya kreni kwenye yadi ya boti, ama kwa jeki na magogo yaliyopangwa vizuri na mtu anayejua kazi hiyo. Usiingie chini ya boti iliyoshikiliwa na jeki peke yake. Muuzaji akikataa kuiinua, una haki ya kufanya hesabu yako kana kwamba mkuku wote unahitaji matengenezo, na kumwambia hivyo kwa adabu.

Boti ikishainuliwa na mkuku kuning'inia, ushike ncha yake ya chini uusukume kushoto na kulia. Kucheza kidogo ni kawaida. Ukisikia mlio wa kugonga na kuona mkuku wote ukiyumba, fahamu kwamba pini ya shaba nyeusi na tundu lake vimelana kwa miaka mingi, na tundu ambalo lilikuwa duara sasa lina umbo la yai. Mulika kwa tochi vishikizo vinavyobeba pini hiyo na bolti zinazovishikilia kwenye mwili wa boti: michirizi ya kutu inayoshuka kutoka kwenye bolti inaonyesha kwamba maji yamepata njia mahali yasipostahili kupita. Unga mwekundu juu ya chuma usikutishe, kwani chuma chochote kinachokaa majini hufanya hivyo. Kinachotisha ni magamba mazito yanayobanduka kwa ncha ya bisibisi, kwa sababu chuma kilichovimba kwa kutu hukwama ndani ya nafasi yake na siku moja kitakataa kushuka au, vibaya zaidi, kitakataa kupanda ukiwa unakaribia mwambani. Muulize mwenye boti imekaa maji gani. Catalina iliyoishi kwenye ziwa la maji baridi, yasiyo na chumvi, na ile iliyoishi baharini Florida haziwezi kuwa na bei moja hata kama zilitoka kiwandani siku moja.

Panda ndani. Winchi ya kuinulia mkuku iko chini ya ngazi ya kuingilia kebini. Uzungushe mpini wake, uusikilize, kisha usimame katikati uone kama breki yake inashika. Pitisha kitambaa cha pamba juu ya waya yote unayoweza kuifikia; uzi mmoja uliokatika utakishika kitambaa, na waya yenye uzi mmoja uliokatika ni ya kutupwa. Waya ni rahisi kununua, lakini ikikatika safarini kilo 250 za chuma huanguka kwa kishindo na kuupiga mwili wa boti kutoka ndani ya nafasi ya mkuku.

Hapo hapo chini ya ngazi, kwenye boti za zamani, kuna kipande kifupi cha mpira kilichofungwa kwa klipu mbili, ambamo waya hupita kutoka kebini kwenda chini ya boti. Kipande hicho kiko chini ya usawa wa maji. Kibonyeze kwa dole gumba ukikunje kidogo: mpira mzima hurudi ulivyokuwa, mpira uliozeeka huonyesha nyufa ndogo kama ngozi ya kisigino kilichopauka. Ni kitu cha bei ndogo sana, na sijui kingine chochote kwenye boti hii chenye gharama ndogo na hatari kubwa kiasi hicho, kwa sababu Catalina kwa kawaida haina povu la kuielesha. Ikijaa maji, chuma chake kitaipeleka chini.

Tangi la maji la MacGregor

Tangi halikaguliwi vizuri nchi kavu. Ukilijaza kwa mpira wa bustani boti ikiwa kwenye trela, unaiongezea trela zaidi ya nusu tani ambayo haikutengenezwa kuibeba, na hata hivyo hutaona yanayotokea boti inapoelea. Panga na muuzaji mkutane kwenye mteremko wa kushushia boti. Kabla haijaingia majini, pangusa ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya boti) na sakafu chini ya vitanda mpaka pakauke kabisa, kisha boti ishushwe, vali ifunguliwe na kizibo cha hewa kiondolewe, na msubiri. Hewa itatoka kwa mlio wa kuvuma huku boti ikizama taratibu hadi kwenye mstari wake. Mlio ukishakatika, funga vali, ingiza kidole kwenye tundu la hewa uhakikishe kwamba maji yamefika karibu na mdomo wake, ndipo urudishe kizibo. Kaa nusu saa. Baadaye pitisha mkono chini ya vitanda na kwenye maungio ya sakafu; penye unyevu mpya pana ufa kwenye paa la tangi.

Mwisho wa siku, boti ikiwa imepandishwa na maji yamemwagwa, tazama vali ilivyo. Mpira wake ukiwa umeliwa, vali haifungi sawasawa, na tangi linaweza kupoteza maji polepole boti inapolala upande wakati wa safari, nawe usijue. Jambo hili linataka kueleweka sababu yake. Maji ndani ya maji hayana uzito wowote wa kukusaidia. Yanaanza kuwa farumi pale tu boti inapolala na upande mmoja wa tangi kuinuka juu ya usawa wa ziwa. Tangi lililojaa hufanya kazi hiyo kwa uaminifu. Tangi nusu ni adui, kwa kuwa maji hukimbilia upande ulioinama na kuusukuma uiname zaidi. Tarehe 4 Julai 2002, kwenye Ziwa Champlain, boti ya aina ya 26X iliyobeba watu wengi huku tangi lake likiwa tupu ilipinduka, na watoto wawili wakafa. Ninaitaja ajali hiyo kwa uzito wote, kwa sababu kila mwenye boti ya tangi hushawishika siku moja kutoka bila kulijaza, hasa ziwa likiwa limetulia.

MacGregor ina neema ambayo Catalina haina: ilitoka kiwandani na povu la kuielesha lililofichwa chini ya vitanda na sehemu nyingine, ili isizame hata ikijaa maji. Inua mbao za vitanda ulitafute. Wapo wenye boti walioliondoa ili wapate nafasi ya kuweka mifuko na mahema, na boti iliyoondolewa povu lake imepoteza moja ya sababu kubwa za kuinunua.

Mwili wa MacGregor ni mwembamba, na hilo ndilo linaloifanya iwe nyepesi. Ukiusukuma ubavu wake kwa kiganja utausikia ukikubali kidogo, na hilo peke yake si ugonjwa. Tafuta nyufa zinazotawanyika kama utando wa buibui mahali ambapo mbao za trela zinaibeba boti, na kuzunguka tundu la ubao wa kati. Kwenye 26D ubao huo huchomekwa wima na hauna bawaba. Ukigonga mwamba haurudi nyuma, kwa hiyo pigo lote huishia kwenye kingo za nafasi yake, na kingo hizo ndizo utakazozipapasa kwa vidole. Kwenye 26S ubao una bawaba na huinuka wenyewe ukigusa chini, nami kwa sababu hiyo huipendelea 26S kwa mtu anayejifunza. Mwishowe shika kana, mpini wa usukani, uutikise usukani: vishikizo vyake vikicheza sana, bolti zimelegea au zimekula faiba, yaani nyuzi za kioo na gundi zilizoujenga mwili wa boti.

Sitaha, ambayo ndiyo huamua

Nilipokuwa kijana Pangani, mashua haikununuliwa ikielea. Ilisubiriwa bamvua, ikapandishwa mchangani maji yakiwa yamejaa, na yalipokupwa ikabaki imelala ubavu, mkuku wake wote ukiwa wazi. Mjomba wangu, nahodha wa siku nyingi, aliizunguka kimya akigonga mbao moja moja kwa kisigino cha tezo, na pale sauti ilipobadilika alisimama, akaichomeka ncha ya kisu kwenye kalafati, pamba inayoziba nafasi kati ya mbao. Faiba haina kalafati wala mataruma (mbavu za chombo) ya kuhesabu, lakini sikio lile lile linafaa.

Sitaha ya boti hizi imejengwa kwa tabaka: faiba juu, faiba chini, na katikati kitu chepesi cha kuipa ugumu, ambacho kwa Catalina ni vipande vya plaiwudi. Kila bolti na kila skrubu iliyopita humo ni mlango wa maji kama gundi yake imekauka. Maji yakishaingia hayatoki. Plaiwudi huoza polepole, na katika majimbo ya baridi maji hayo huganda kila majira ya baridi, yakivimba na kuyatenganisha matabaka. Kwa nje jelikoti, ngozi ya juu ya faiba, inaendelea kung'aa.

Vua viatu. Tembea juu ya sitaha yote, hatua fupi fupi, ukiegemeza uzito kwenye kisigino. Mahali pazima ni pagumu kama sakafu ya saruji. Mahali palipooza pananesa, na wakati mwingine utasikia mlio mdogo wa kufinyika. Kisha chukua nyundo ndogo ya plastiki au mpini wa bisibisi ugonge kila upana wa kiganja, hasa kuzunguka kitako cha mlingoti, kwenye vishikio vya nyaya na chini ya nguzo za reli. Pazima panajibu kwa sauti kavu na kali. Palipooza panajibu kwa sauti nzito iliyokufa, kama unagonga boga lililolala shambani mpaka likalainika. Linganisha kulia na kushoto, kwa sababu boti yenyewe ndiyo kipimo chake; na kwa MacGregor, ambayo sitaha yake ni nyembamba zaidi, ulinganisho huo wa pande mbili ni muhimu kuliko ugumu unaousikia mguuni.

Miaka michache iliyopita nilikwenda kuitazama Catalina moja iliyopakwa nta mpaka ikaakisi mawingu. Mkuku wake ulikuwa mzuri, matanga yake mazuri, na muuzaji alikuwa mtu mpole aliyejibu kila swali. Nilipogonga kando ya kitako cha mlingoti, sauti ilikufa katika duara la ukubwa wa sinia. Nikamwomba ruhusa nifungue skrubu moja kutoka ndani ya kebini, kwenye dari. Ilitoka na kutu mpaka shingoni, na nyuma yake likafuata tone la maji ya rangi ya chai ya rangi, kisha la pili, kisha mfululizo mwembamba uliochukua muda kukoma, ilhali mvua ilikuwa haijanyesha kwa siku kadhaa. Nilimshukuru, nikaondoka. Naamini yeye mwenyewe alikuwa hajui.

Msimamo wangu ni huu: sehemu laini ya ukubwa wa kiganja kuzunguka nguzo moja ya reli inarekebishika kwa mwisho wa wiki mbili, na ni sababu nzuri ya kupunguziwa bei. Ulaini chini ya mlingoti, au kwenye vishikio vya nyaya pande zote mbili, uiache boti hiyo, hata ukipewa kwa nusu ya bei. Kwenye Catalina angalia pia nguzo inayobeba mlingoti kutoka ndani ya kebini: dari iliyobonyea juu yake ni dalili kwamba mlingoti unashuka.

Chini ya usawa wa maji, tafuta malengelenge. Faiba iliyokaa majini majira mengi bila rangi ya kinga huota vivimbe vidogo, na MacGregor iliyoachwa ikielea gatini, badala ya kurudishwa kwenye trela kama ilivyokusudiwa, huwa hatarini zaidi. Vichache si msiba.

Mlingoti na matanga

Kwa boti hizi mbili ukaguzi huu ni mmoja. Mlingoti ulazwe chini, nyaya zote zipanguswe kwa kitambaa kama ulivyofanya kwa waya ya mkuku, na vichwa vya chuma vilivyokaza ncha zake vitazamwe kwa kioo cha kukuzia, kwa kuwa ufa wake ni mwembamba kama unywele. Nyaya zilizopita miaka 15 uzihesabu kuwa ni za kubadilishwa, vyovyote zinavyoonekana. Matanga yakunjuliwe kwenye nyasi. Kwaruza mshono kwa ukucha, na uzi ukikatika, jua limekwisha kuula. Kabla hamjausimamisha mlingoti, inueni macho mtafute nyaya za umeme juu yenu na njiani kuelekea majini, maana mlingoti wa aluminiamu uliogusa umeme hauwapi nafasi waliouegemea.

Trela, injini na hati

Wanunuzi wengi huikagua boti kwa saa tatu na trela kwa dakika tatu, na ndiyo maana wengi hukwama barabarani kabla hawajakwama ziwani. Trela ya boti huzamishwa majini kila safari, beringi zake zikiwa bado za moto kutokana na mwendo, nazo zikipoa ghafla hufyonza maji kupitia sili iliyochoka. Inua gurudumu kwa jeki, ulizungushe kwa mkono na kusikiliza: mlio wa kusaga mchanga unasema beringi zimekwisha. Lishike juu na chini ulitikise. Futa kidogo grisi iliyo kwenye habu, kitovu cha gurudumu. Ikiwa na rangi ya maziwa, ina maji. Tairi za trela hufa kwa umri kabla ya kulika, hivyo usitazame meno yake. Tazama tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi yanayoanza na DOT. Tarakimu 2317 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Fremu ya mabomba ya mraba huoza kutoka ndani, kwa hiyo igonge kutoka chini, hasa karibu na springi na mahali palipotobolewa kwa bolti.

Majimbo mengi hutaka trela iwe na breki zake yenyewe uzito ukifika pauni 3,000, ambazo ni kama kilo 1,360. Catalina yenye mizigo yake hupita kiwango hicho kwa urahisi, kwa hiyo breki zake zijaribiwe kwa mwendo na wala zisikubaliwe kwa maneno. MacGregor iliuzwa pamoja na trela ya kiwanda hicho hicho, iliyofinyangwa kufuata tumbo la boti. Ukiikuta imekalia trela nyingine, angalia kwa makini mbao zinapoibana. Kwa Catalina, hakikisha trela ina sehemu imara ya mkuku kutua, ili waya isiubebe safari nzima.

Injini ni suala dogo kuliko wanunuzi wanavyodhani, kwa kuwa inabadilishika bila kuigusa boti. Iwake ikiwa ya baridi, itoe mkondo wa maji ya kupoza bila kukatika, na mafuta ya gia yasiwe na rangi ya maziwa. Kwa Catalina na kwa MacGregor hizi za zamani, nguvu za farasi kati ya tano na kumi zinatosha.

Hati zisipuuzwe kwa sababu bei ni ndogo. Boti zilizotengenezwa Marekani baada ya Novemba 1972 zina namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 12, iliyochongwa upande wa kulia wa tezi, yaani nyuma ya boti. Isome kwenye boti yenyewe, si kwenye picha, uilinganishe na hati herufi kwa herufi. Trela ina namba yake na usajili wake tofauti, na boti yenye hati safi juu ya trela isiyo na karatasi itakulazimisha kupanga foleni ofisini wiki baada ya wiki.

Zikiwa majini

Usilipe kabla hujapeperusha tanga. Catalina ikipata upepo hulala kidogo, inaegemea chuma chake na kutulia, na katika kubisha (kwenda dhidi ya upepo) huonyesha uungwana wake wote: hushika njia, hugeuka bila kusita, na mawimbi mafupi ya Ziwa Michigan hayaisumbui sana. MacGregor hulala haraka zaidi mwanzoni, mpaka mgeni akashtuka, halafu tangi linapoanza kuinuka hukaza na kusimama hapo. Mwenye familia ya watu waoga ajaribu jambo hili pamoja nao kabla ya kununua. Upepo ukiwa nyuma au ubavuni, urefu na wepesi wa MacGregor huipa mwendo ambao Catalina haiufikii, na jioni, pale penye maji haba, itapanda trela yake kwa dakika chache wakati mwenye Catalina bado anaisukuma trela ndani zaidi akitafuta kina.

Kwa mtu mwenye gari la wastani, watoto wadogo, na maziwa madogo yenye miteremko mifupi, ningechagua 26S iliyokaa maji baridi, yenye povu lake lote na vali inayofunga. Kwa anayetaka kujifunza tanga sawasawa na kutoka kwenye Maziwa Makuu yenyewe, Catalina. Na zikikukuta zote mbili kwenye uwanja mmoja, Catalina ikiwa na pini iliyoliwa lakini sitaha inayolia kavu kila unapoigonga, na MacGregor ikiwa na tangi zima lakini sauti iliyokufa chini ya mlingoti, chukua Catalina hata kama unapenda nyingine: pini hubadilishwa kwa siku moja boti ikiwa imeinuliwa, ilhali sitaha iliyooza itakuweka bandani kiangazi chote ukikata faiba, wenzako wakiwa majini.